Kikombe Chenye Harufu ya Moshi

Gumato aliipenda sauti kwanza, mwenye sauti akaja baadaye. Hivyo ndivyo anavyopenda kusema, na ukimpa nafasi atakusimulia kutwa nzima. Alikuwa msichana, huko upande wa Bangale, ameketi na wenzake kando ya kisima. Chini kabisa ya shimo wanaume walikuwa wakipokezana ndoo za ngozi, na mmoja wao akiwaimbia ng'ombe wanywe kwa utulivu. Pumzi yake haikuwa na mwisho. Mwimbaji alipopanda juu, matope hadi kwenye nyusi, ndipo Gumato alipomwona: jina lake Wako. Kusema kweli sura haikuwa ya kusimamisha watu, lakini Gumato alikuwa ameshanaswa.

Siku hizi ni mume na mke, wanakaa pembeni mwa Garsen na ng'ombe wachache waliosazwa na ukame. Wanyama wananyweshwa kwenye birika la saruji. Bomba linafunguliwa, linafungwa, basi. Wako haimbi. Alitibiwa kifua kikuu akamaliza dawa zote, kikohozi kikarudi. Akatibiwa tena, wapi. Mwishowe makohozi yake yakapimwa upya, ikaonekana si kifua kikuu bali bakteria wa ukoo huohuo, wakaidi, ambao dawa za kawaida haziwatoi kwa urahisi.

Hasina, muuguzi mzaliwa wa Kipini, ndiye aliyewaeleza habari za utafiti. Wako angeendelea na vidonge vyake, na juu ya hivyo angevuta dawa kwa mashine ndogo, iende moja kwa moja mapafuni. Baadhi ya wagonjwa wangepewa dawa yenyewe, wengine maji ya chumvi tu, na hata Hasina asingejua nani kapata nini. Wako alikubali. Alimwambia mkewe anataka kuwaimbia ng'ombe walau mara moja kabla hajafa. Gumato akazunguka nyuma ya nyumba akalia.

Kazi ya kusafisha kikombe cha mashine, kile kinachotiwa dawa, aliichukua yeye. Hasina alimwelekeza: maji yaliyochemshwa, kisha kiachwe kikauke. Gumato aliitikia kwa adabu, moyoni akimhurumia binti wa pwani asiyejua usafi. Tangu lini chombo kikasafika kwa maji matupu? Maziwa ya nyumba yake hayakuharibika ovyo, kwa sababu kila chombo alikifukiza kwa makaa ya mti wenye harufu nzuri. Basi kikombe cha dawa nacho kikapewa heshima hiyohiyo kila jioni.

Wako akazidi kukohoa. Akaamini amepangiwa chumvi. Siku ya kliniki Hasina alikikagua kikombe, akakinusa, akakinusa tena, akamtazama Gumato.

“Mimi nasafisha na moshi, kama chombo ya maziwa,” Gumato alisema. “Maji peke yake haitoshi.”

“Mama, moshi huu wamwingia mzee kifuani,” Hasina akamjibu taratibu.

Gumato aliketi chini palepale. Ilibidi madaktari wa utafiti waambiwe, na huenda Wako angeondolewa. Wakarudi nyumbani kusubiri. Wako hakumlaumu; alisema alikuwa akijiuliza mbona dawa ya hospitali inanukia kama nyumba ya mama yake kule Bangale. Maneno hayo yalimwumiza Gumato kuliko matusi.

Jibu likaja: abaki, apewe kikombe kipya. Tangu hapo Gumato anakiosha kwa maji yaliyochemshwa, akinung'unika, na vyombo vya maziwa anavifukizia mbali, mahali ambapo upepo unaupeleka moshi porini. Miezi ikapita. Kikohozi kikapungua. Kama ni dawa au ni kukosa moshi, hakuna aliyeweza kumwambia Gumato, naye akaacha kuuliza.

Asubuhi moja ng'ombe walikuwa kwenye birika, Wako akaegemea fimbo na kuanza kuimba. Sauti ilikwaruza, ikapanda kidogo, ikakatika katikati ya mstari.

Nyimbo za kisimani ni za wanaume. Gumato alijua hilo, na alijua pia maneno yote, tangu ile siku ya matope. Akaupokea mstari pale ulipoangukia, kwa sauti yake nyembamba isiyo na mafunzo, akaufikisha mwisho.

Wako alimkodolea macho. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha kuegemea fimbo kwa mikono miwili, na Gumato akasimama akikingoja kikohozi. Hakikuja.