Injini ya Tambarare

Kaka yangu alizungumza taratibu kwenye simu, bila ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Mama alikuwa ametoka kliniki Same, pikipiki yangu ikafia njiani, na yeye na shinikizo lake la damu akapanda mlima kwa miguu hadi nyumbani Chome, akipumzika kila kona. Kaka alisema kama sina njia ya uhakika ya kumshusha kliniki na kumrudisha, atakuja kumchukua akakae naye Dar es Salaam. Chumba alikwisha kumtengea. Mama hakutaka kwenda. Hakubishana. Aliitazama migomba yake, kisha akaniuliza pikipiki itapona lini.

Injini ile haikuwa ya kupona. Fundi mmoja wa Same alinishauri nitafute iliyotumika, ya aina ileile, naye akanipatia moja iliyokuwa kwenye bodaboda ya kule chini, barabara ya lami. Nikaipandisha kwa gari lililobeba saruji.

Kubadilisha injini kunatisha kuliko kulivyo kugumu, na ninamwambia hivyo kila anayeniuliza. Unamwaga oili, unatoa kabureta na ekzosi, unachomoa waya wa klachi, unavua cheni. Nyaya za umeme ndizo huwachanganya watu, kwa hiyo kabla ya kuziachanisha nilizifunga vipande vya kanga kuukuu, kila jozi na rangi yake, nisilazimike kukumbuka kitu. Zinabaki bolti chache tu zinazoishika injini kwenye fremu. Hapo unahitaji mtu wa kuikumbatia isidondoke.

Mtu huyo alikuwa shemeji yangu, Msambaa aliyemwoa dada yetu, asiyechoka kututania sisi Wapare kwa ubahili. Nilimwambia ashike vizuri. Akajibu, "Usihofu. Nimekaa na Wapare miaka yote hii, nimejifunza kutoachia kitu."

Injini mpya ilikuja na sproketi yake, lile gurudumu dogo lenye meno linalovuta cheni. Ilikuwa safi, inang'aa. Ya kwetu ilikuwa nyeusi kwa grisi. Tukaiacha ile safi palepale kwenye injini, nani asingefanya hivyo? Ilibidi tusogeze gurudumu la nyuma mbele kidogo ndipo cheni ifike. Hatukujiuliza kwa nini.

Ilipowaka ilinguruma kwa upole. Nikazunguka nayo uwanja wa shule, nikarudi nikicheka. Mama akajifunga kanga, akapanda nyuma, tukaenda kuijaribu kwenye mteremko ulio chini ya kanisa. Kushuka hakukuwa na shida. Kupanda, ilifika katikati, ikalegea, ikazima. Nikajaribu tena kwa gia ya kwanza. Ikazima tena. Mama akashuka, akaanza kutembea, nami nikasukuma nyuma yake nikiona kile chumba cha Dar es Salaam kana kwamba mlango wake umeshafunguliwa.

Tulipofika uani nilimwambia shemeji kwamba nimeuziwa injini iliyochoka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anavuta pumzi.

"Haijachoka," alisema. "Ile ya zamani, baba, ilikuwa ikipiga kelele hapo kwenye mlima mpaka kuku wanakimbia. Hii inanong'ona. Mtu anayebeba mzigo mzito hanong'oni."

Nikaanza kufikiri. Injini ya pikipiki ndogo hupata nguvu zake inapozunguka haraka. Hii haikuwa ikipata nafasi ya kuzunguka. Kuna kitu kilikuwa kinaidai mwendo kabla haijakusanya nguvu. Nikaenda kwenye injini ya zamani, pale tulipoilaza barazani, nikafungua sproketi yake na kuiweka juu ya ile safi. Ya kwetu ilikuwa ndogo, yenye meno machache. Yule wa bodaboda alifunga kubwa ili akimbie kwenye lami, na kwenye tambarare alifanya vyema kabisa. Ndogo hupunguza mbio, lakini hupandisha mlima.

"Kwa hiyo tulimvalisha mzee wa mlimani viatu vya mtu wa mjini," shemeji alisema, tayari ameshika spana.

Tukaifunga ile ndogo, tukarudisha gurudumu nyuma, tukakaza cheni.

Siku ya kliniki nilimshusha Mama hadi Same, wakampima, tukageuka. Tukaanza kupanda. Kwenye kila kona nilisikiliza. Injini ilipiga kelele mpaka watu wakatupisha, mwendo wenyewe wa kobe, ikapanda. Chini ya kanisa Mama alinishika kiuno kwa nguvu. Tulipopita pale ilipozimia akalegeza mkono.

Kaka alipiga simu tukiwa tumeshakula. Mama ndiye aliyepokea.

"Nimeshuka na nimepanda, na miguu yangu haina vumbi," alimwambia.

Kaka akauliza sasa chumba kile akifanyeje.

"Walaze humo wajukuu zangu," Mama alisema, akanirudishia simu, akaenda kumwagilia mboga zake.