Fundi Bana na Koti la Mkewe

Mtaani walimwita Fundi Bana, na jina hilo hakulipata bure. Ukimpelekea suruali akupunguzie urefu, ataupunguza kweli, kisha atakutazama huku ameuma pini mdomoni, na kabla hujajua linalokupata atakuwa amekubana kiuno, amekubana mapaja, na kama ulikuja na shati linalopwaya atalibana na hilo bila kukuomba ruhusa. Nguo inayopwaya ilimkera kama kelele. Wateja walinuna, wakalalamika kwamba hawakuagiza hayo, halafu wakajitazama kwenye kile kioo chake kirefu chenye ufa kwenye kona, wakanyamaza. Tuseme ukweli, wengi waligeuka wakajitazama na nyuma pia.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi juu ya kigae, nguo za watu zimening'inia kwenye misumari, na sakafuni vipande vya vitambaa ambavyo kila siku aliapa atavifagia. Cha nyuma, ukivuka pazia, kilikuwa cha kulala, nacho nusu yake ilikuwa imejaa kamba, vyuma na mabuti. Hivyo vilikuwa vya mkewe.

Mkewe alifanya kazi mlimani. Wala si ule mlima wa kupanda kwa miguu huku mnapiga soga. Yeye alikuwa wa kule juu kwenye barafu, ambako watu hung'ang'ania ukuta mweupe kwa vyuma vyenye meno, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha. Mwanafunzi akipanda, mwalimu husimama chini ameshika kamba, anamlegezea kidogo kidogo, na akiteleza anamkamata. Wenzake walimpa jina la Nanga, kwa kuwa ukiwa umefungwa kwenye kamba yake huna pa kuangukia. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana na kicheko cha kujaza nyumba, na jinsi alivyompenda yule mwanamume mwembamba anayesikia baridi hata feni ikiwashwa, watu walishindwa kuelewa. Wenyewe walielewana.

Fundi hakuwahi kukanyaga mlimani. Aliujua mlima kwa nguo zilizorudi kutoka huko: magoti yaliyochanika, viwiko vilivyolika, viuno vilivyosuguliwa na kamba. Aliziba, akashona, akanyamaza. Mkewe akiwa safarini, yeye alilala upande wa mkewe wa kitanda, akajidanganya kwamba ni kwa sababu upande ule godoro halijabonyea. Hakuwahi kumwambia aache. Alimwoa akimjua, na alikuwa mtu wa kutunza ahadi hata ile ambayo hakuna aliyemtaka aitoe.

Sasa safari moja mkewe akarudi kimya. Kwa kawaida alianza kusimulia kabla hajavua mabuti: nani alilia, nani alifika, nani alifika akilia. Safari hii alivua, akakaa, akaomba chai. Ndipo polepole akaeleza. Ukungu uligeuka mvua, koti lake la manyoya ya bata likalowa, manyoya yakashikana mabonge mabonge, na joto lote likaenda zake. Naye alikuwa ameshika kamba ya mwanafunzi mzito wa kupanda, hawezi kuondoka, hawezi hata kurukaruka apate moto. Mwanafunzi aliposhuka, vidole vya mwalimu vilishindwa kufungua ndoano ya kamba. Mwanafunzi ndiye aliyemfungulia. Baridi aliizoea, lakini hilo la kufunguliwa na mwanafunzi lilimchoma moyo.

Akaongeza kwamba hosteli ya chini ya mlima inatafuta mtu wa kuisimamia. Kuna paa, kuna jiko, na jibu wanalitaka Ijumaa. Labda wakati umefika.

Fundi akainua kikombe ili kifiche uso. Miaka yote alikuwa ameyangoja maneno hayo, na sasa yamemjia mezani bila hata kuyaita.

"Lakini wewe ndiye unayejua nguo," mkewe akasema. "Nitafutie koti ambalo hata likilowa nitaweza kusimama nalo. Ukilikosa, Ijumaa nawaambia ndiyo."

Kesho yake fundi akaenda kwenye duka la vifaa vya mlimani. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimuuliza kama koti ni la kutembelea au la kusimamia. Swali hilo lilimpendeza fundi, ni swali la kifundi. Akajibu la kusimamia. Basi mama akampitisha koti kwa koti. Ya manyoya ni mepesi na yana joto sana, lakini ni kwa mahali pakavu. Kwa ukungu na theluji ya majimaji achukue lile lililojazwa nyuzi laini za kiwandani, kama pamba, kwa kuwa nyuzi hizo hata zikilowa hazilali, zinabaki zimetuna, na joto linakaa mle mle. Fundi alilibonyeza, likafura tena. Akavuta mishono, akaichungulia kwa ndani, akaridhika. Kisha mama akamshauri achukue kubwa, maana koti la namna hii huvaliwa juu ya nguo nyingine zote. Hapo fundi akatabasamu lile tabasamu la mtu anayefundishwa njia ya kwenda kwake. Vipimo vya mkewe alikuwa navyo kichwani. Akachukua linalomfaa.

Alipofika nyumbani akalitandaza mezani, akalitazama, na mnajua kilichofuata. Lilipwaya ubavuni. Akasema moyoni atapunguza kidogo tu, kama vidole viwili. Akapunguza vidole viwili. Akalitazama tena, akapunguza kingine, akapiga mshono mara mbili ili ushike.

Jioni mkewe alilijaribu juu ya blauzi nyepesi, na kusema kweli lilimkaa. Alizunguka mbele ya kioo kama bibi harusi, fundi akapiga makofi. Halafu akaenda nyuma ya pazia, akarudi amevaa anavyovaa kazini: fulana nzito, sweta, jaketi la kuzuia upepo. Akaingiza mkono mmoja, ukaingia kwa taabu. Akaingiza wa pili, ukakwama kwenye kiwiko. Akavuta, akasukuma, akabaki amenasa, mikono imekaa nyuma kama mtu aliyekamatwa na askari. Walicheka mpaka fundi akakaa chini. Alipomchomoa, kwa kumvuta huku ameweka mguu kwenye meza, walikuwa bado wanacheka.

Kisha mkewe akaacha kucheka. Akalikunja koti vizuri, akaliweka juu ya cherehani, akasema taratibu kwamba basi, wamejaribu, pengine ndivyo ilivyopangwa. Akaenda kulala.

Fundi akabaki anazitazama nyuzi zake mwenyewe. Alikuwa ameshinda. Hakuhitaji kusema neno wala kufanya lolote, angenyamaza tu mpaka Ijumaa, na mkewe angekuwa anarudi kila jioni. Kilichomkosesha raha ni kitu kimoja. Hakuwa na uhakika kama mikono yake ilikosea kwa mazoea au ilijua inachofanya.

Asubuhi akajibeba hadi kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa msimamizi wa ghala la nyama. Alikwenda na makoti yote mawili, la manyoya na lile alilolibana, pamoja na kamba, akaomba afungiwe katika chumba cha baridi. Shemeji akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Shemeji, dada amekufukuza?"

Fundi akamweleza. Shemeji alicheka akafuta machozi kwa aproni, lakini chumba akakifungua, maana shemeji ni shemeji. Wakayalowesha makoti kwenye beseni, wakayakamua. Fundi akaanza na lile la manyoya juu ya sweta lake, akasimama katikati ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia, ameshika kamba, na shemeji upande wa pili wa mlango akawa anaivuta pole pole kama mwanafunzi anayepanda. Haikupita muda meno yakaanza kugongana. Ilikuwa kama kuvaa godoro lililonyeshewa. Akatoka, akanywa maji ya moto, akaingia tena na lile la pili.

Hili lilikuwa habari nyingine. Limelowa, ndiyo, lakini kifuani palikuwa na joto, na mgongoni palikuwa na joto. Ila ubavuni baridi iliingia katika mistari miwili iliyonyooka, kushoto na kulia, na fundi akaitambua mistari hiyo. Ilikuwa mishono yake. Pale alipobana, nyuzi zililala, na pale zilipolala hapakuwa na kitu kati yake na barafu. Ule upana aliokuwa akiupiga vita maisha yake yote, kumbe kwenye koti hili ndio kazi yenyewe.

Akaendelea kusimama. Shemeji alimgongea atoke, akakataa. Alitaka kujua mtu akisimama hivi huwa anawaza nini. Akagundua huwazi mengi. Unawaza vidole, unawaza chai, halafu kamba inapotikisika unamuwaza yule aliye upande wa pili, na hapo baridi inapungua kidogo kwa sababu kuna mtu anakutegemea. Mkewe alikuwa amesimama hivi miaka yote, kisha anarudi nyumbani akimsimulia nani alifika. Siku hata moja hakumsimulia habari za baridi. Fundi alihisi kumpenda hadi ikamuuma, mle ndani kwenye nyama.

Alipotoka midomo imekuwa ya kijivu, shemeji alimtupia blanketi, akamwambia jambo ambalo halikuwa mzaha sana. "Ukimweka dada pale mapokezi ya hosteli, atakaa. Ataitazama ile milima dirishani, atakaa. Utaweza kumtazama yeye anavyoitazama?"

Fundi akamrudishia blanketi, akachukua makoti yake. Alirudi dukani. Mama wa miwani aliliona koti lililobanwa, akaligeuza nje ndani, akaguna. Kulirudisha hakukuwezekana tena, lakini alikuwa na rundo la makoti ya kukodisha yaliyochanika, wakakubaliana fundi atamshonea yote, naye apewe koti jingine. Safari hii fundi alichagua akiwa amevaa glavu nene. Zipu ambayo glavu haikuweza kuishika aliikataa. Koti ambalo zipu yake haikufunguka kutokea chini, ili mkanda wa kamba uwe huru, alilirudisha. Alitafuta mifuko ya ndani ya kuwekea glavu zipate joto, na kofia ya kuweza kufunika kofia ngumu. Lililofaulu lilikuwa na rangi ya boga lililoiva kupita kiasi, na lilipwaya kila upande. Fundi akafumba macho, akalichukua. Hakulipeleka nyumbani. Alilihifadhi kwa shemeji, kwa sababu mikono yake aliijua.

Alhamisi jioni akaenda kulichukua. Mkewe alivaa kila kitu: fulana, sweta, jaketi la upepo, mkanda wa kamba, kofia ngumu, glavu. Kisha koti. Likaingia bila ubishi. Kofia ikameza kofia ngumu, zipu ikapanda kwa glavu, ikafunguka chini, ndoano ya kamba ikabaki nje. Akanyanyua mikono, koti halikupanda naye. Kila ubavu ulikuwa na kitambaa cha ziada cha kujaza kiganja. Vidole vya fundi vikaanza kuwasha, akavificha nyuma ya mgongo.

Mkewe akamtazama kwenye kioo.

"Hukulibana."

"Sikuligusa."

Akageuka, akavua glavu. "Fundi, niambie kweli. Ulitaka nichukue ile kazi ya hosteli?"

Angeweza kusema hapana. Alilitafuta neno hilo, akaliacha.

"Nilitaka. Nimetaka tangu nilipokuoa, na hata sasa nataka. Lakini bibie, nataka ushuke siku utakapotosheka na mlima. Sitaki ushuke kwa sababu mumeo alikukosesha koti."

Mkewe akaziweka glavu mezani. Alikaa kwenye kigoda cha wateja mbele ya cherehani, na koti lake, na kofia zake mbili. Chumba kilikuwa cha moto, pasi ilikuwa imetoka kuzimwa sasa hivi. Jasho likaanza kumtiririka mashavuni, au labda halikuwa jasho lote. Fundi akamsihi avue asije akazimia. Akakataa. Akafungua zipu, akamvuta mumewe kwa mkono, akampakata kama mtoto, akalivuta koti likawazunguka wote wawili. Fundi alivyo mwembamba, nafasi ile ya ubavuni ilimtosha.

"Kesho nawaambia hapana," mkewe akasema juu ya kichwa chake.

"Najua," akajibu fundi, kwa sauti iliyotokea ndani ya koti.