Mchungaji Aliyelowa Kabla ya Kutumbukia

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, saa mbili kasorobo usiku, ukumbi wa sinema wa Sandvad, mji mdogo wa Denmark, ulinyamaza. Viti themanini na vinne vilikuwa vimejaa, na hakuna aliyecheka.

"Nilidhani sauti imekatika," anasema Verner Thygesen, 78, mwonyesha filamu wa hapa tangu 1969.

Leo asubuhi anafagia chumba cha mashine ambacho hakina tena mashine. Kuna kisanduku cha plastiki tu, cha kuonyeshea filamu kidijitali. Humo ndimo halmashauri ilimohamishia "Baiskeli ya Mchungaji", kichekesho cha mwaka 1953 ambacho hata Copenhagen hawakijui.

Zamani filamu hiyo ilikuwa mikanda sita. Mwaka 1971 mkewe Ketty, mkata tiketi, alibandika lebo kwenye makopo akakosea: mkanda wa nne ukatangulia wa tatu. Basi mchungaji anatoka mferejini chapachapa, chura kofiani. Dakika kumi baadaye ndipo anapita ukingoni na baiskeli, akimtambia shemasi kwamba yeye hajawahi kuanguka.

Watu walikuwa wakilia kwa kucheka.

"Nilitaka kurekebisha, wakagoma! Orla mwokaji akaniambia, 'Wewe Verner, ukiigusa hiyo, mkate utakula wa mji mwingine.'"

Ikawa hivyo kila Machi. Verner alilipwa kroni mia mbili kwa onyesho. Ketty, aliyegawa kahawa mikanda ikibadilishwa, hakulipwa kitu. Alifariki 2013.

Kisha wakaja wakubwa wa halmashauri, watu wasiowahi kununua tiketi hata moja. Walichukua makopo bila kuuliza, na kwa onyesho lile la 2017 wakaipanga filamu "sawasawa". Sasa mchungaji anajigamba, halafu anatumbukia. Hata mtoto anajua kinachokuja.

Verner aliwafuata ofisini.

"Mzee, si tumekurekebishia?" ofisa mmoja akamwambia. "Ilikuwa na kosa."

"Kosa ni la mke wangu," akajibu. "Nalitaka."

Ameandika barua nne. Jibu moja lilisema makopo yako stoo. Jingine likasema stoo ilishasafishwa. Baada ya hapo, kimya.

Mashine ya zamani aliichukua yeye, iko bandani kwake, anaitia mafuta kila Jumapili. Anataka kuonyesha filamu Machi ijayo, kwa mpangilio wa Ketty.

"Hata kama ni jalalani, wanionyeshe, nitachimba mwenyewe," anasema. "Makopo sita, yana mwandiko wake. Nani alitia sahihi yatolewe, na yalipelekwa wapi?"