Barua Taka

Kompyuta yangu ya zamani ilikufa nikiwa katikati ya sentensi. Nilikuwa nawaandikia wafugaji nyuki wenzangu kwamba nyuki wangu wako salama. Nikafika "wako sa", skrini ikawa nyeusi. Mke wangu akasema labda nyuki wamekataa kusingiziwa.

Hiyo mashine tulikuwa tumezoeana. Shule niliachia form two, ama tuseme tuliachana na hakuna aliyelia, kwa hivyo Kiingereza cha kompyuta sikukisoma, nilikishika kwa mahali. Ya kutuma iko juu kushoto, ya kufuta ni ile nyekundu ya kuogopwa. Na kikundi chetu cha imeli kilikuwa kinapangwa kama mti: mtu anauliza, anayemjibu anakaa chini yake, anayebishana naye anakaa chini zaidi. Unaona ugomvi wote kuanzia kwa mzizi.

Kikundi chenyewe ni cha wafugaji nyuki wa Kitui na Makueni. Watu hutuuliza kwa nini hatuko kwa vikundi vya simu kama binadamu wengine. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa huko Mwingi, alikataa. Alisema kwa simu swali la nyuki linazikwa chini ya maua ya "good morning". Basi sisi ni imeli tu, na mara moja kwa mwaka tunakutana kwa boma la mmoja wetu. Tunakagua mizinga yake, tunakula chakula chake, na tunamcheka. Mwaka huu mwenyeji nilikuwa mimi, hapa Nunguni. Hiyo heshima niliingoja sana, maana kwa kikundi mimi ndio mtu wa mzaha, na mtu wa mzaha watu humcheka lakini hawaendi kwake.

Nikashuka mpaka Malili kwa fundi mmoja, nikachukua laptopu nyingine.

"Mzee, hii iko na programu mpya ya imeli," fundi akaniambia. "Ile yako ya zamani haiwezi ingia hapa. Nikuwekee Kiingereza ama Kiswahili?"

"Weka Kiswahili. Hicho hata mbuzi zangu zinaelewa."

Akaniuliza neno la siri. Nikamwambia polepole kwa sikio, na yeye akaliandika akitabasamu. Mtu anayetabasamu akiandika neno lako la siri, huyo mimi namweka kwa akili.

Nyumbani nikaifungua. Ule mti wangu ulikuwa umekatwa. Kila kitu kimelala chali kwa mstari mmoja, na pembeni kuna majina. Kikasha. Kikasha sikukiamini, mtu mzima anawekewaje barua zake kwa kikasha? Rasimu nilidhani ni jina la mtu, pengine huyo fundi ameacha ndugu yake ndani anichunge. Lakini la mwisho nililielewa papo hapo. Barua Taka.

Sasa, huku kwetu uchafu unaitwa takataka, mara mbili, kwa sababu uchafu haujawahi kuja mmoja. Taka moja peke yake ni kutaka. Nataka, unataka, wanataka. Barua taka, basi, ni zile barua mtu anataka. Nikasema aliyetengeneza hii kitu lazima ni mtu wa huku, ameandika vile tunaongea.

Nikaanza kupanga. Ya mwenyekiti ilikuwa imeingia, ndefu, ya kukaribisha mkutano wa mwaka huu kwangu. Nikaiweka kwa Taka. Ya mama mmoja wa Kitui mjini, mwenye mizinga mingi kutushinda wote, nikaiweka kwa Taka, na za wengine wote wa kikundi zikafuata. Mashine ikaniuliza kama ningependa mfumo ukumbuke chaguo langu. Nikabonyeza Ndiyo. Kukumbuka ni kitu nzuri, hata kanisani tunaombewa tukumbukwe. Matangazo ya dawa za upara na watu wanaoniambia nimeshinda gari nikayaacha huko nje kwa kikasha, yajipange.

Halafu nikaandikia kikundi: semeni ni nani anakuja Jumamosi, tujue kupika. Nikatuma, nikakaa nikingoja.

Kimya.

Siku ya pili, kimya. Matangazo yanaingia kama nzige, lakini mfugaji nyuki hata mmoja hakuna. Na kwa zile nilizohifadhi sikuenda kuangalia. Ukishaweka mahindi kwa ghala, unarudi kila saa kuona kama yamekaa vizuri?

Nikampigia fundi wa Malili. "Wewe umefungia barua zangu?"

"Mzee, mimi nikifunga barua zako nitapata nini? Asali?"

Hapo ndipo nilishtuka. Mimi sikuwa nimemwambia mambo ya asali. Nikabadilisha neno la siri saa hiyo hiyo, nikaweka gumu mpaka mimi mwenyewe likanifungia nje asubuhi nzima.

Nikalipata tena, nikaingia. Bado kimya. Nikaanza kumwangalia mke wangu. Alikuwa ametulia sana kwa mtu anayengoja wageni.

"Tuweke muthokoi ya watu wangapi?" akaniuliza. Muthokoi ni mahindi yaliyotolewa maganda yakapikwa na maharagwe, si chakula cha kuanza wageni wakiwa mlangoni.

"Kwani wewe unajua kitu mimi sijui?"

"Baba watoto, najua vitu vingi wewe hujui. Nauliza tu idadi."

"Umegusa kompyuta yangu?"

"Hiyo kompyuta yako ni kama mzinga wako. Nani ataigusa aumwe?"

Jibu zuri. Zuri kupita kiasi. Hata yeye nikamweka kwa akili, pamoja na fundi.

Lakini nikilala mchana nikifikiria, niliona kitu kimoja: matangazo yanafika. Barabara basi haijafungwa. Kama wa upara anafika na mwenyekiti hafiki, mwenyekiti ndiye hataki kufika. Nikakumbuka mkutano uliopita nilisema mbele ya watu kwamba asali yake ukiweka kwa chai unahisi kiwanda cha sukari. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, lakini sasa nikikumbuka vizuri, alicheka na meno tu. Kumbe walikuwa wamekaa pamoja wakaamua: tusimjibu, tumwache apike, akule mwenyewe.

Nikaketi nikawaandikia. "Kama boma langu ni dogo kwenu, kaeni kwenu. Nyuki zangu ziko na wageni wao." Nikaisoma nikaiona tamu. Nikatuma.

Siku iliyotangulia mkutano, mama wa Kitui akanipigia simu. Watu wake walitoka Pwani zamani, wakafungua duka la nguo karibu na msikiti, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka mimi nikiongea naye nafunga kifungo cha shati.

"Ndugu yangu, mbona umetufukuza?"

"Nani amefukuza nani, mama? Nyinyi ndio mmeninyamazia wiki nzima."

"Sote tumekujibu. Mimi nimekujibu mara mbili."

"Mimi sioni kitu."

"Umetazama kwenye barua taka?"

"Hapo kuna zile nataka. Nilizipanga mwenyewe, na mkono wangu."

"Umepanga zipi hapo?"

"Zenu. Zote. Kwani mimi nitataka za nani?"

Nilisikia simu ikiwekwa juu ya kitu, na mtu akicheka mbali, halafu anaeleza mtu mwingine, halafu wawili wanacheka. Akarudi akiwa hana pumzi.

"Taka ni uchafu, ndugu yangu. Hilo ni jaa. Umetutia jaani sote."

"Jaa ni nini?"

"Pale unapotupa maganda!"

Nikafungua. Walikuwa huko wote, wamebanana. Nitakuja. Tutakuja wawili. Mungu akipenda nitakuwepo. Mmoja anauliza alete moshi wa kutuliza nyuki ama uko. Juu kabisa, ya mwenyekiti, akijibu ile yangu tamu: "Tumeelewa. Mkutano utakuwa Mukuyuni, kwa mweka hazina." Hakuweka hata "wako mwaminifu".

Basi Jumamosi nikaenda Mukuyuni kama mgeni, kwa mkutano wangu mwenyewe. Nikasimama mbele ya watu nikaeleza habari ya taka na takataka. Nilidhani watacheka. Kwa mara ya kwanza kwa hicho kikundi, hakuna aliyecheka.

"Ati taka," mwenyekiti akasema.

"Hiyo nayo umeipika vizuri," mweka hazina akaongeza. "Sema tu uliogopa kulisha watu."

"Ama nyuki walihama," mwingine akasema. "Hakutaka tuone mizinga haina kitu."

Mama wa Kitui akanitetea, wakamwambia yeye ni mpole, anaamini kila mtu. Nikala nikiangaliwa. Ukiwa mtu wa mzaha, siku ukisema ukweli unafika ukiwa umechelewa sana, watu wameshafunga mlango.

Mwisho mwenyekiti akasema, "Jumamosi ijayo tunakuja kwako. Na hatuandiki."

Walikuja kweli, gari mbili na pikipiki. Mke wangu alikuwa amepika tu bila kuuliza mtu. Mwenyekiti hakutaka chai, hakutaka kuonyeshwa mizinga. Alisema, "Kompyuta iko wapi?"

Nikamfungulia. Akavaa miwani, akabonyeza Barua Taka mwenyewe, akashuka polepole mpaka chini kabisa, mahali nilianzia. Ya kwanza ilikuwa yake, ile ndefu ya kukaribisha. Akaisoma yote ikiwa huko ndani ya uchafu, midomo ikitembea.

"Kwa hivyo mimi ndio ulitupa wa kwanza."

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe ndio nilikuwa nataka zaidi."

Aliniangalia muda, kama mtu anayeinua noti kwa mwanga aone kama ni ya ukweli. Halafu akavua miwani.

"Haya. Tuende kwa nyuki."