Kofia Tatu za Mlinzi wa Kengele

Mimi ni mtu wa kubishana. Nikishika jambo silibwagi, na walimu wangu wote wa shule ya msingi waliliandika hilo kwenye ripoti kwa maneno ya adabu. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba likizo moja ya Agosti, katikati ya miaka ya tisini, nilikosana na rafiki yangu wa pekee kwa sababu ya mtu mdogo mwenye kofia aliyekuwa akirukaruka ndani ya televisheni. Ajabu ni pale ubishi ule ulipoishia. Sasa nina mvi za kutosha, na bado nikiukumbuka napigwa na butwaa kama siku ile.

Tulikuwa tukiishi Shieywe, mama na mimi. Baba alifanya kazi mbali na alikuja mwisho wa mwezi. Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali hapo Kakamega mjini. Rafiki yangu alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, binti wa muuza vitambaa, watu wa Mumias, na kama mimi alikuwa msichana wa miaka kumi. Mjomba wake alikuwa amemletea gemu kutoka Eldoret: kisanduku cheusi, pedi mbili zenye nyaya fupi, na kaseti moja ya njano. Televisheni yao ilikuwa imeharibika, basi gemu ikahamia kwetu, kwenye televisheni yetu isiyo na rangi.

Kaseti ilikuja na kijitabu cha kurasa nane kilichoeleza hadithi yenyewe. Kulikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na kengele, na kengele iliibwa na mfalme wa kaa. Mlinzi wa kengele akaondoka kwenda kuitafuta. Akavuka mito, akapanda minara, akampiga mfalme wa kaa, na ukurasa wa mwisho ulisema alirudi nyumbani na kengele bila hata mkwaruzo mwilini.

Hapo ndipo vita vilipoanzia. Kwenye pembe ya juu ya kioo palikuwa na kofia tatu ndogo, na kila mlinzi alipotumbukia shimoni kofia moja ilitoweka, naye akatokea tena mwanzo wa njia, mzima, akisubiri mtu abonyeze. Zile kofia tuliziita roho zake. Mimi nilishikilia kwamba katika kijiji kile watu wana roho tatu, basi. Ndivyo dunia yao ilivyo. Nimemwona kwa macho yangu akifa na kurudi, utaniambia nini?

"Kitabu hakijasema alikufa," rafiki yangu alinijibu. "Soma. Bila mkwaruzo. Hizo kofia ni za mashine, ndio sisi tusichoke haraka."

"Kwa hivyo akianguka hajaanguka?"

"Hajaanguka. Ile haihesabiki. Stori ni ile moja tu yenye anafika."

"Na mimi nimeona nini, wazimu?"

"Ukibonyeza pozi, gemu ikisimama, anabaki hewani. Kwani kwao watu hubaki hewani?"

Lile la pozi liliniuma. Rafiki yangu alikuwa mtu wa maneno machache na kila neno lake lilikuwa na mfupa. Tulibishana siku tatu mfululizo, tukipokezana pedi, na mvua ya alasiri ikipiga mabati tusisikizane vizuri.

Jumanne mama aliwahi kutoka kazini. Aliingia na trei ya chai wakati mlinzi wangu alipokosea kuruka, nami nikapiga kelele, "Nimekufa! Haidhuru, narudi!" Mama aliiweka trei chini kwa nguvu hadi chai ikamwagika.

"Usiseme hivyo ndani ya nyumba yangu," alisema. "Umenisikia? Usiwahi kusema hivyo."

Mama hakuwa mkali. Nilidhani ni mambo ya kanisa. Rafiki yangu aliinamisha macho, akanywa chai yake na kuaga mapema. Nilikasirika sana, maana nilikuwa bado na kofia mbili.

Wiki hiyo bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita kukhu, alikuwa amekuja kutoka Mautuma kutibiwa macho. Kwa kuwa macho yalikuwa mabovu, alivuta kiti karibu kabisa na televisheni, akawa anachambua mrenda mapajani huku akitutazama. Alhamisi mlinzi alitumbukia shimo la kwanza, lile karibu na mto, na kukhu akashika kichwa.

"Woi! Ameenda huyo!" Halafu mlinzi akatokea tena, naye akaniangalia kama nimemfanyia kiini macho. "Na huyu ametoka wapi? Si amekufa saa hii?"

Nikaona nimepata hakimu. Nilimweleza kesi yote: kijitabu kinasemaje, kofia ni nini, rafiki yangu anasemaje na mimi nasemaje. Nilieleza kwa kujipendelea, sikatai. Rafiki yangu alisahihisha mara mbili tu. Kukhu aliweka majani kwenye sinia akafikiri kwa makini, kama vile alivyofikiria mambo ya mashamba.

"Nyinyi wote hamjui kitu," alisema mwishoni. "Huyu mtoto anasema hakufa. Amekufa, tumeona. Wewe unasema amerudi. Hajarudi. Mtu akienda ameenda."

"Sasa huyu ni nani, kukhu?"

"Huyu ni mwingine. Wamempa jina la yule, ndio kitabu kinasema mtu mmoja. Angalia, anaanza mwanzo wa njia. Angekuwa ni yule yule angejua shimo liko wapi. Yeye hajui. Mwenye anajua ni nyinyi, watu wa nyumbani. Nyinyi ndio munamvukishanga."

Rafiki yangu alikifunga kijitabu. Nami nilikubali kwamba lilikuwa jibu zuri kuliko yetu, jambo ambalo sikuwa na mazoea ya kulikubali. Na kwa sababu sikuwa na mazoea, nikatafuta tundu la kutokea.

"Lakini nani anapewa jina la mtu ameanguka shimoni?" nilimcheka. "Hilo jina la mkosi."

"Si ni wewe," kukhu alisema.

Alilisema bila uzito wowote, akirudisha mkono kwenye mrenda. Alidhani najua. Hilo nalielewa leo. Alidhani mtoto wa miaka kumi, na maneno mengi namna ile, hawezi kukosa kuambiwa.

"Mimi vipi?"

"Dada yako. Si alianguka kisimani pale Mautuma? Alikuwa na miaka minne. Mwaka uliofuata wewe ukazaliwa, ukalia siku nne hutaki kunyonya. Tuliita majina ya wazee wote wenye walituacha, moja moja, ndio tuone ni gani unataka. Ukakataa yote. Shangazi yako akaita la dada yako. Ukanyamaza hapo hapo, ukashika titi."

Sikumbuki niliweka pedi wapi. Nakumbuka miguu yangu ilikuwa baridi na kwamba niliitazama kwa muda mrefu, nikishangaa kwamba ni yangu. Nilikuwa na dada. Hapakuwa na picha yake ukutani wala kwenye albamu. Watu wakimuuliza mama ana watoto wangapi, alisema mmoja, nami nikiwa nimesimama pale pale, nikijivuna kuwa huyo mmoja. Na lile jina nililoliandika juu ya kila daftari, nililoitikia kila asubuhi darasani, lilikuwa limekwisha kutumiwa na mtu.

"Inna lillahi," rafiki yangu alisema kwa sauti ndogo. Hakuniangalia. Nadhani naye alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe, kwamba ile haihesabiki, kwamba stori ni ile moja tu yenye anafika. Nilitaka kumpiga. Tena nilitaka kujipiga mimi, maana nilikuwa nimepigania siku tatu kwamba anayeanguka hurudi akiwa yule yule. Ikiwa nilishinda ubishi, basi mimi sikuwako. Nilikuwa dada yangu, mara ya pili.

Kukhu aliona uso wangu ndipo akajua. Alipiga mapaja kwa mikono miwili, majani yakamwagika sakafuni.

"Hawakukuambia?" alisema. "Mungu wangu. Hawakukuambia."

Mama alirudi saa kumi na moja, viatu vikiwa mkononi kwa sababu ya matope. Alitukuta watatu tumekaa, televisheni inawaka, mlinzi amesimama mwanzo wa njia na kofia mbili. Kukhu alisema kwa Kiluhya, "Nimemwambia. Nilidhani anajua." Mama hakufoka. Alisimama mlangoni na viatu vyake, maji yakimdondoka, uso umekwajuka kama wa mgonjwa, na mimi nikaogopa kwa sababu sikuwahi kumwona mama akikosa la kufanya.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya hasira. Yalitoka mawili tu.

"Ni kweli?"

Aliitikia kwa kichwa. Akaja akaketi kwenye mkono wa kiti cha kukhu, akaitazama televisheni kwa muda. Hakuwa amewahi kuitazama gemu ile, sikuzote alipita akiipa mgongo.

"Huyu wa kwanza," alisema, "akishaanguka, wanampeleka wapi?"

Nilimtazama rafiki yangu, rafiki yangu akanitazama. Katika siku tatu za kubishana hatukuwa tumejiuliza.

"Hakuna mahali, mama," nilisema. "Anapotea tu."

"Hapana," mama alisema. "Hakuna mtu wa hivyo."

Jumamosi tulimrudisha kukhu Mautuma, siku mbili kabla ya ile aliyopangiwa. Lazima niseme kuhusu mama na boma lile. Kila tulipofika pale, tangu nipate akili, alinishika mkono wa kushoto langoni na hakuuachia mpaka mlango wa nyumba, hata nilipokuwa mkubwa wa kutosha kubeba debe la maji. Binamu zangu walinicheka. Nilivuta, nilinuna, nilibishana, kazi bure. Nyuma ya jiko kulikuwa na mbao na mabati na mawe juu yake, nami sikuwa nimewahi kuuliza kuna nini chini. Unaona? Mimi, mwenye kuuliza kila kitu.

Siku ile alinishika vilevile, lakini hatukuingia nyumbani. Alinipeleka kwenye migomba upande wa pili. Nilipajua vizuri kuliko mahali pengine popote pale. Kila Disemba nilipikia hapo obusuma, ugali wa udongo, kwenye vifuu, nikawapakulia binamu zangu. Palikuwa na kivuli, na ardhi yake ilikuwa imeinuka kidogo, nzuri kwa kupanga vyombo.

"Hapa," mama alisema.

Nilikuwa nimemkalia miaka yote hiyo. Nilikuwa nimecheza jikoni juu ya kifua chake, na watu wazima walinitazama wakiwa dirishani na hakuna hata mmoja aliyesema, toka hapo.

"Mbona hamkunikataza?"

"Nilifurahi," mama alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. "Nilikuwa naona mko wote wawili."

Hapo nikapata ujasiri wa kuuliza lile lililokuwa limenikaba tangu Alhamisi, lililonifanya nisile na nisiitike nilipoitwa. "Mimi ndiye yeye?"

Mama alifikiria. Namshukuru kwamba alifikiria, kwamba hakunijibu haraka haraka kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Yeye alikuwa wa mkono wa kushoto," alisema. "Kukhu alimpiga na mwiko kila akila. Na hakuwa msemaji. Ungemsahau chumbani. Siku ile tulimsahau hivyo, kwa sababu alikuwa ametulia." Akanigeukia. "Wewe hujawahi kutulia. Ukitulia tu, natoka mbio nje."

Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa nikiandika kwa mkono wa kulia, nikila kwa wa kulia, nikirusha mawe kwa wa kulia, na sikuwa nimewahi kuona kwamba hilo ni jambo la maana. Lakini mama alikuwa bado ameushika wa kushoto. Alikuwa ameushika tangu langoni kama miaka yote, vidole vyake vimeuzunguka kiganja changu hadi vinauma, na nikaelewa ghafla, kwa mshtuko uliokuwa mkubwa kuliko ule wa Alhamisi, kwamba miaka yote hiyo hakuwa amenishika mimi.

Sikubishana. Nadhani ni mara ya kwanza. Niliuchomoa mkono polepole, naye akaachia akidhani nimekasirika. Tulikaa hapo hadi kukhu akatuita tuje tule. Mama aliposimama alinyoosha mkono kuutafuta ule aliouzoea, bila kutazama, kama mtu anavyopapasa swichi ya taa nyumbani kwake.

Nikazunguka upande wake wa pili nikampa wa kulia.

Aliutazama. Aliutazama muda mrefu, kukhu akaita tena, na binamu zangu wakachungulia mlangoni kuona tumekwama wapi. Kisha akaushika.