Siku Mgongo Uliponikatalia Kagunga

Nilirudi Ujiji nikiwa na stashahada ya ugavi, na mtaani kwetu hakuna aliyekuwa amefika hapo. Sikulipiwa ada na mjomba wala shangazi. Nilijisomesha Dar es Salaam kwa kuuza dagaa wa Kigoma. Kwa hiyo wakimbizi wa Burundi walipojaa mwambao wa ziwa, na shirika lililowahudumia likatafuta msimamizi wa mizigo, sikushangaa kuchaguliwa. Ningeshangaa angechaguliwa mwingine.

Maumivu ya mgongo yalianza nilipovuka miaka hamsini. Asubuhi nilishuka kitandani kwa kugeukia ubavu kwanza, kisha kujisukuma kwa mikono, kama mke wangu alivyonielekeza. Yeye ndiye aliyenikazia kanga kiunoni, nikavaa shati juu yake. Ofisini Katubuka, mjini Kigoma, hakuna aliyejua. Meneja alishasema wazi kwamba msimamizi asiyeweza kwenda ufukweni atapewa dawati. Kazi ya ufukweni ndiyo iliyonipa jina, na dawati sikulitaka.

Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani na Burundi, hakukuwa na gati. Boti ilisimama majini, abiria wakabebwa mgongoni na wachukuzi hadi mchangani, wakubwa kwa wadogo. Mimi sikuwahi kubebwa. Siku moja tulipopeleka unga na maharage, mchukuzi mmoja, Muha mwenye mabega mapana, alinigeuzia mgongo.

"Panda, bosi."

"Mimi nimekulia ziwani. Bebeni unga."

Nikakunja suruali, nikaruka. Maji yalikuwa ya magotini tu. Miguu ilipogusa chini, kiuno kilikaza, nikabaki nimeinama, mikono magotini, siwezi kunyooka wala kupiga hatua. Wakimbizi waliokuwa wameketi kwenye mafurushi yao wakanitazama. Mama mmoja wa Kirundi akauliza kwa upole:

"Mzee, umedondosha nini?"

"Kalamu."

Akaingia majini kunisaidia kuitafuta.

Mchukuzi alicheka. "Jana nimebeba bibi na mbuzi wake, hawakubisha. Haya, panda." Lakini sasa hata kupanda sikuweza. Yule mama aliponitazama usoni aliacha kutafuta kalamu, akawaita kaka zake. Walikuwa wamemvusha mama yao milimani kwa ingobyi, machela ya matete yaliyosukwa ambayo kwao hubebea wagonjwa. Wakanilaza humo, wanne wakanyanyua mabegani. "Buhoro, buhoro," wakaambiana, yaani polepole. Nikaingia Kagunga nimelala chali mbele ya umati wote, kanga ikichungulia chini ya shati.

"Diploma imelala!" mchukuzi akapaza sauti.

"Imelala, lakini inahesabu. Leta magunia."

Na nilihesabu. Niliwaambia waniweke pembeni mwa njia ya wachukuzi, kila gunia likapitishwa mbele ya macho yangu, na hakuna hata moja lililopungua. Msimamizi mwingine angeomba kurudishwa nyumbani. Bibi mwenye machela, mama yao, alikuwa ameketi karibu yangu akinitazama.

"Ni mgongo?" akauliza.

"Mgongo."

"Watu wako wanajua?"

"Mke wangu tu."

"Basi leo wamejua wote," akasema, akanyoosha miguu.

Alisema kweli. Tuliporudi Kigoma nilikwenda moja kwa moja kwa meneja, kabla midomo ya wachukuzi haijanitangulia. Nikamweleza yote, pamoja na machela.

"Kwa hiyo unataka dawati," akasema.

"Nataka kiti cha kukalia ufukweni, na ruhusa ya kubebwa kama abiria wengine."

Akasoma hati za mzigo hadi mwisho. "Umetimia?"

"Wote."

"Haya. Ukiruka tena, unakaa hapa ofisini."

Safari iliyofuata yule Muha alinigeuzia mgongo, nami nikapanda. Katikati ya maji akaniambia niache kumkaba shingo.