Vitabu vya Ng'ombe kwenye Utafiti wa Mwalimu Kaaya

Krrii, kimya kidogo, halafu kama mtu anayekwangua sufuria kwa kijiko: huo ndio mlio wa modemu ikitafuta mtandao kupitia waya wa simu. Naukumbuka hadi leo. Ndio ulionipokea asubuhi yangu ya kwanza katika duka la steshenari pale Sekei, miaka ile ya soko huria, kila mwenye uwezo akifungua biashara yake. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama za kutia huruma, mafunzo ya kuchapa, na ndoto kwamba siku moja jina langu litakaa kwenye jalada la kitabu.

Meneja, mtu wa Tanga aliyevaa koti hata jua likiwaka, alinionyesha kiti.

"Hapa hatumuulizi mteja anaandika nini. Tunachapa, tunabana, tunampa. Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa, Meneja."

Wadogo zangu mnaofanya haya yote kwenye simu, ngoja niwaeleze. Mwanachuo alileta utafiti wake ukiwa umeandikwa kwa mkono. Mwishoni palikuwa na marejeo, yaani orodha ya vitabu alivyosoma: jina la ukoo la mwandishi kwanza, kisha mwaka, jina la kitabu, mji na mchapishaji. Mpangilio ukikosewa, kazi inarudishwa. Ndipo tukapata tovuti iliyopanga yenyewe. Unajaza vidirisha, unabonyeza, orodha inatoka imenyooka kwa alfabeti. Mimi niliona muujiza. Ila kujiandikisha kulihitaji barua pepe, na wateja wengi hawakuwa nayo, kwa hiyo duka zima tulitumia akaunti moja. Meneja alitupa sheria fupi: ukimaliza kazi ya mteja mmoja, futa, ndipo uanze ya mwingine.

Mwalimu Kaaya alikuwa mama wa makamo, akifundisha shule ya msingi upande wa Momela, aliyepewa ruhusa ya kwenda kusomea stashahada. Aliandika juu ya watoto wenye meno ya kahawia kwa sababu ya maji ya kule, wanavyoziba mdomo kwa kiganja wakiambiwa wasome kwa sauti darasani. Nilipochapa ukurasa ule machozi yalinitoka, nikajifanya nina mafua.

Siku hiyo kwenye akaunti kulikuwa na orodha ya bwana mmoja wa chuo cha mifugo, aliyeandika juu ya magonjwa ya ng'ombe wa maziwa. Jana yake wino wa printa ulikuwa umeisha kabla sijamtolea, akasema atarudi. Nikamwonea huruma: nikifuta, ataanza upya. Nikaona heri nijaze vitabu vya Mwalimu chini ya vyake, nitavitenganisha baadaye. Kumbe tovuti haikujali nani alianza, ilipanga vyote kwa alfabeti. Taa zikaanza kufifia, nikaogopa umeme utakatika. Nikatoa karatasi bila kusoma, nikabana kurasa kwa waya wa spairo, na Mwalimu akaondoka akinishukuru.

Alirudi baada ya wiki, akakaa kwenye benchi, akafungua ukurasa wa marejeo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa."

Kidole chake kilikuwa juu ya jina la kitabu cha magonjwa ya kwato.

"Msimamizi wangu kaniuliza mbele ya wenzangu, 'Mama, hao watoto wako wa Momela wana kwato?' Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikidhani ni utani. Akasema kuorodhesha kitabu ambacho hukukisoma ni udanganyifu. Kikao ni Ijumaa, saa tisa. Wakinifukuza, ruhusa ya masomo hawatanipa tena."

Nikahesabu. Vitabu sita vya ng'ombe vilikuwa vimejipenyeza katikati ya kumi na moja vyake.

"Mwalimu, ni mimi niliyekosea."

Alifunga utafiti wake. "Nilijua si mimi. Ila huko nani ataniamini? Msimamizi anataka barua ya duka, yenye mhuri."

Alipoondoka nikamfuata Meneja ofisini.

"Barua?" akasema. "Niandike kwamba tunachanganya kazi za watu, kesho nani ataleta yake hapa?"

"Lakini watamfukuza, Meneja."

"Alipokea, akasaini daftari. Kwani hakuwa na macho?" Halafu akashusha sauti. "Binti, moyo wako laini kama uji. Duka haliendeshwi kwa uji."

Zikapita siku mbili. Kila nilipofumba macho nilimwona Mwalimu anarudi Momela, na watoto wanamuuliza mbona amerudi mapema.

Sitaki niwaweke roho juu kama nilivyokaa mimi: Mwalimu Kaaya alihitimu. Kikao kilisoma barua aliyopelekewa msimamizi, kikamuuliza juu ya vitabu vyake kumi na moja, kimoja kimoja, akavijibu vyote. Meneja, alipojua niliyofanya, alinihamishia tawi la Elerai, kwenye fotokopi, chini ya Mkuu wa Tawi, mama aliyekagua hata kucha zetu. Huko ndiko nilikomalizia kazi. Simu zikaja, wateja wakapungua, na mwaka juzi nikaaga. Kitabu chenye jina langu bado hakijatoka, ila sijakata tamaa. Ninyi mna mashine zinazopanga marejeo haraka kuliko yetu. Someni zilichopanga. Mashine haijui nani alisoma nini.

Katika miaka yote ile, kilichonitetemesha kuliko vyote ni barua ya Ijumaa ile. Meneja alikuwa amekwenda msikitini. Nilikuwa peke yangu, nimeshachapa nusu ukurasa nikieleza akaunti yetu moja na vitabu sita vya mtu mwingine. Mhuri ulikuwa kwenye droo yake, na droo haikuwa na kufuli. Niliutoa. Niliugusisha kwenye wino, nikauinua juu ya karatasi. Nikajiona namwondolea Mwalimu tuhuma ya udanganyifu kwa udanganyifu wangu mwenyewe.

Nikaufuta kwa kitambaa, nikaurudisha mahali pake. Pale pa mhuri nikaandika kwa kalamu majina yangu matatu kwa herufi kubwa, na chini yake, mchapaji. Nikatia sahihi, nikafunga duka, nikatembea kuelekea chuoni.